Mkalimani

Wiebke ameuliza valvu itapasuka lini.
Swali lake limenyooka kama msumari.
Mimi, Chizuru, nalipokea kwa mikono miwili,
nalifunga kitambaa, naliweka mezani:
"Huenda ingefaa, mkijaliwa nafasi, tuitazame valvu."

Bwana Kuwabara anavuta hewa katikati ya meno.
Si msonyo. Hapa Kariya sauti hiyo ni ukuta.
Kisha jibu analipeleka kwa Jonte,
mwanafunzi wa Wiebke, mwezi wa pili kazini,
aliyekuja kubeba begi la kompyuta
na ambaye ana ndevu.

"Tutalifikiria."
Namwambia Wiebke: watalifikiria.
Neno kwa neno, sijasema uongo.
Nimeacha tu kumwambia kwamba swali limeshazikwa.

Chai inaingia. Anaileta Sawako,
aliyezichora valvu zote arobaini na mbili.
Kikombe cha kwanza kwa Jonte.
Anarudi kwenye kiti cha karibu na mlango,
kile kinachopigwa na baridi.

Wiebke anakigeuza kikombe chake. Hanywi.
Ananyamaza.
Nahesabu: kumi, ishirini,
kiyoyozi kinakohoa,
Jonte anafungua mdomo, Wiebke anamkanyaga chini ya meza.
Nani kamfunza? Si mimi.
Mimi nilimwonya tu asicheke kwa sauti,
asimshike mtu bega, avae viatu vya kuvulika upesi,
ushauri wa mama mkwe.

Sekunde ya arobaini, kutoka mlangoni,
sauti nyembamba, ile tuliyofunzwa sote wasichana,
ya juu, inayoomba radhi kabla ya kosa:
"Samahani mno, pengine nimekosea hesabu,
ila valvu ya kumi na tisa, Machi, haitavuka."

Hakuna aliyegeuka.
Kalamu zote zimeandika.

Zamu yangu. Zile samahani, zile pengine,
nazitoa mojamoja kama miiba ya samaki,
na kwa Kijerumani, kwa sauti yangu ya chini,
ile ninayoimbia bafuni, nasema:

Namba kumi na tisa. Machi.
Kasema aliyeichora.
Anaitwa Sawako Mizoguchi.

Bwana Kuwabara hajui Kijerumani.
Jina alilisikia.