Mtia Grisi

Katika daftari la karakana ya reli, Tanga,
ukurasa wa mwaka hamsini na mbili,
babu yangu, Kibwana Sechonge, ameandikwa
mtia grisi, shilingi arobaini na tano.

Grisi hakutia hata siku moja.

Jumatatu aliketi juu ya sanduku la nati,
mguu wa kushoto ndani ya karai la maji ya chumvi.
Wenzake walipita na spana zao, kimya,
maana Jumamosi ni mguu huohuo
utakaowarudishia senti walizowekeana
na makuli wa bandarini.

Viatu alivyopewa vilikuwa vya mtu mkubwa kuliko yeye.
Akavishindilia katani kwenye ncha.
Bao moja, ratili mbili za sukari.
Mabao matatu, bibi akavaa doti mpya.
Penalti ikapaa, na Barabara ya Nane nzima
hapakuwa na wa kumnunulia kahawa.

Kisha wakaja vijana wa shamba la mkonge, kutoka Muheza.
Goti lilivunjika kama muhogo mkavu;
wa mstari wa nyuma kabisa waliusikia mlio.

Jumatatu ile, kwa wino mwekundu:
*Ameachishwa. Hajui kutia grisi.*

Hakusema neno. Alirudi Chumbageni kwa mkongojo
akaishi miaka thelathini na moja,
na bawaba za mlango wetu zikalia usiku kucha.
Kila aliyeshika chupa ya mafuta
alimwambia: Weka chini hiyo.