Ngeli

Darasa la sita nawafundisha hivi:
mtu, hata jina lake lianze na ki-,
hukaa katika ngeli ya A-WA.
Kiziwi amekuja. Kipofu ameketi.
Anayesema "kimekuja" humsimamisha dirishani
mpaka kengele ya saa nne.

Famau wa Bi Mwanakheri alikuwa fundi wa redio,
pale Mwembe Kuku, mkabala na kinyozi.
Alinitengenezea pasi, akakataa pesa,
akasema: utanilipa insha, mwalimu, siku moja.
Sijaiandika.

Unga ulipompata hatukusema neno baya.
Tulisema "maskini." Neno lina huruma,
tena lina mlango: ukishalisema, unapita.
Kisha tukasema "yule."
Kisha jina likatuchosha, tukamwita teja,
na teja, sikiliza, hupenda wingi: mateja,
kama mawe, kama maganda, kama majitaka.

Sarahani wa duka akaacha kumpa chenji mkononi.
Aliiweka juu ya kaunta, akaisukuma kwa kidole.
Baadaye akairusha.
Mke wangu akaanza kumwaga maji ya dawa
kwenye kizingiti alichokuwa amekalia;
ndoo niliishika mimi.
Watoto wakabuni mchezo: ukiguswa, wewe ndiwe teja,
huruhusiwi kuongea.
Na barazani, kahawa ikizunguka, mtu akasema:
"Lile jana lililala mtaroni, panya wakalihama,"
nikacheka. Kicheko kidogo, cha adabu,
kama mtu arudishaye kikombe kwa mwenye kahawa.

Siku ya "yule" haikupakana na siku ya "lile."
Kati yake ilipita miezi, Ramadhani moja,
harusi mbili, masika yaliyong'oa mabati ya madrasa.
Nani angesikia herufi ikibadilika?

Usiku ule nilikuwa nasahihisha madaftari.
Nikasikia "Likamateni!" halafu "Kimekimbilia huku!"
na kalamu yangu nyekundu, wallahi,
ilisimama kwanza kwenye ile ki-.
Kosa la upatanisho, niliwaza.
Kisha nikafunga dirisha, kwa sababu ya mbu.

Mpaka leo sijajua kilichoibwa.
Mtungi wa gesi, wasema hawa.
Viatu vya msikitini, wasema wale.

Asubuhi Mishi wa deski la mbele aliandika:
"Jana teja lilipigwa mpaka likafa."
Nilitazama. Nomino, kitenzi, viambishi, vyote sawia.
Nikaweka alama ya vema.

Jioni nilikwenda kutoa pole.
Bi Mwanakheri alikuwa akichambua mchele usio na chuya,
akauliza bila kuinua macho:
"Mwalimu, jana ulimwona?
Alikuwa amekula?"

Nimefundisha sarufi miaka ishirini na saba.
Sikujua kwamba a- yaweza kuwa nzito hivyo,
ikibebwa na mdomo mmoja katika mtaa mzima.
Nilisema sijui. Nilisema
labda alikula.

Daftari la Mishi bado liko kwangu.
Kesho, kwa ratiba, tunaanza KI-VI.