Mlango Unaotazama Magharibi

Mei haijaisha, na Yuma imekwisha kuwasha jiko.
Saa mbili asubuhi mpira wa bustani unatoa maji ya chai.
Keshokutwa, yasema redio, digrii mia na kumi na mbili
kwa hesabu ya huku. Kwa hesabu yoyote, moto ni moto.

Mlango wetu wa gereji unatazama magharibi.
Aliyeujenga alikuwa mtu wa nchi ya baridi, nadhani:
akaupaka kahawia, sufuria iliyosahauliwa mekoni,
akauza nyumba, akaenda zake.
Nyuma yake hamna gari, tuliliuza.
Mna friza, mna baiskeli ya Renato asiyerudi kuichukua,
na ukuta mmoja mwembamba,
na ng'ambo ya ukuta
Eulalia amelala.

Hulala mchana. Usiku hukesha na wagonjwa
ambao damu yao huchujwa na mashine;
kila mashine anaijua kwa king'ora chake.

Basi nafanya kazi kama mwizi.
Navuta kamba nyekundu, mlango unaachana na mota,
nauinua kwa mikono, inchi kwa inchi,
nao unalia. Lo, unavyolia!
Miaka kumi na tisa sauti ni ileile,
mbuzi anayevutwa mkia.

Reli nazifuta kwa fulana kuukuu. Reli hazipakwi mafuta:
mafuta hualika mchanga,
na mchanga wa huku haungoji kualikwa.
Mafuta ni ya bawaba, ya vigurudumu, ya springi:
tone, futa,
tone, futa,
kama anayemtia mtoto dawa ya macho.

Mpira wa chini umepasuka kama kisigino.
Alasiri jua hupita hapo kifudifudi
likafika hadi miguuni pa friza.
Mwaka jana alipita nge. Tulikutana ndani ya kiatu.
Sisimulii.
Naubandua, naweka mpya, naupaka poda
usije ukagandamana na saruji ikifika Julai.

Na lile jicho la umeme, dogo, karibu na sakafu:
jioni jua hulikodolea, likapofuka,
mlango ukagoma kufunga.
Nimelivisha kofia ya karatasi ngumu,
kiini cha tishu ya chooni, nusu.
Mwenye nacho hununua kifaa. Mimi nina mkasi.

Kisha vibao vya povu, vyenye uso wa fedha.
Wendell Quesada, jirani, kaniletea mabaki ya kazini:
"Vikitosha, vyako. Visipotosha, hukuniona."
Vimetosha. Kimoja nimekikata vibaya,
pengo la dole gumba. Nimelisamehe.

Halafu jaribio: inua hadi kiunoni, achilia.
Mlango wenye mizani hukaa hewani, haupandi haushuki.
Wetu ulishuka,
taratibu, kama mzee anayetafuta kiti.
Ni uzito wa povu. Nilichouongezea kivuli
nimeuongezea na mzigo.
Springi sizigusi; zimeshavunja mikono ya mafundi
wenye mikono bora kuliko yangu.
Nikaukinga kwa bega usibamize.
Na hapo nikabaki,
kuuinua siwezi, kuuachia siwezi,
jasho likinichuruzika hadi ndani ya soksi.

"Mbona kimya?"
Eulalia, kandambili, nywele upande mmoja.
"Nimekuamsha?"
"Kimya ndicho kilichoniamsha. Kila mwaka siku hii
nalala nikiusikia unalia, najua upo.
Leo nimesikiliza, nimesikiliza, hamna kitu."

Akashika upande wa pili.
Tukaushusha pamoja hadi sakafuni, bila mlio,
gereji ikawa giza, na joto likabaki nje likibisha.
Akarudi kulala.

Fundi nimempigia, atakuja Alhamisi.
Kabla hajaja nitachukua ile fulana
nifute mafuta kwenye bawaba moja,
ya juu, kushoto,
moja tu.