Mstari wa Arobaini na Saba

Saa nane za usiku, mjini Põlva, theluji imeziba madirisha,
na kompyuta inamwambia Vilve neno moja: Kosa.
Kosa gani? Kosa.
Wapi? Mstari wa kwanza.
Lakini mstari wa kwanza una neno "anza" tu,
na tangu lini kuanza kukawa kosa?

Programu yenyewe inaishi ndani ya hifadhidata
kama panya ndani ya ghala: hula gizani,
nawe huoni ila gunia lililopungua.
Inahesabu maziwa ya ushirika, lita, mafuta, bei ya siku,
shamba kwa shamba, lori kwa lori,
mistari mia tatu na kumi na miwili
aliyoiacha Heldur alipostaafu,
bila maelezo, bila hata salamu.

Na Endla Kõiv, mwenye ng'ombe tisa, amepiga simu mara ya tatu:
"Maziwa yangu ya Novemba mliyanywa nyinyi?"

Vilve hana taa ya kumulika humo ndani.
Basi anapanda vibao njiani.
Nimefika hapa.
Nimefika hapa pia.
Nimefika, shamba ni la kumi na nne.
Nimefika.
Kibao cha tano hakisemi kitu,
naye anajua: kati ya cha nne na cha tano
kuna aliyeuawa na hakuna aliyepiga ukunga.

Anasoma kwa kidole, kama atafutaye chawa.
Mstari wa arobaini na saba:

likitokea kosa lolote,
usifanye kitu.

Hayo tu, na nukta mkato.
Siku ile kipimo cha mafuta hakikutoka maabara;
penye nambari pakawa utupu,
na utupu ukizidishwa kwa lita hauwi sifuri,
unabaki utupu, na lita umezimeza.
Jedwali la malipo likaukataa.
Programu ikashtuka, ikafungua kinywa,
na mstari wa arobaini na saba ukakiziba kwa kiganja.

Asubuhi anampigia Heldur. Anapasua kuni; shoka linasikika.
"Walikuwa wakiniamsha usiku," anasema.
"Kila kosa, simu. Na ujumbe wenyewe hauelezi kitu.
Mke wangu alikuwa mgonjwa.
Nikaifundisha kunyamaza."
Shoka likatua tena.
Vilve alikuwa na methali mdomoni, ile ya mficha maradhi.
Akaimeza. Nani aliwahi kumpa mgonjwa huyu
lugha ya kutaja panapouma?

Kwa hiyo hakuandika lawama. Aliandika chombo,
wiki sita, baada ya saa za kazi,
kinachoisoma programu kabla haijakimbia
na kuuliza: kigeu hiki umekitangaza, mbona hukitumii?
Safu hii ni ya tarehe, mbona unaipa jina la ng'ombe?
Na kosa likitokea lijitaje kwa jina,
mstari wake wa kweli, nani aliiita programu,
nani alimwita aliyeiita,
na mwishoni, kwa sauti ya chini, kidokezo.
Kidokezo alikiandika mara kumi na moja.
Cha kwanza kilisema "Thamani batili."
Akakisoma kama Endla angekisoma. Akafuta.

Siku aliyoufuta mstari wa arobaini na saba
makosa arobaini na matatu yaliamka pamoja.
Rannar, meneja, akaja koti begani, uso umemwiva:
"Jana mfumo ulikuwa mzima!"
"Jana ulikuwa bubu," alisema Vilve,
akaanza na la kwanza.

Malipo, mstari wa 31.
Shamba la Kõiv, tarehe 14 Novemba: mafuta hayajapimwa.
Lita 212 zinasubiri bei.
Kidokezo: waulize maabara.

Alimsomea Heldur kwenye simu, neno kwa neno.
Safari hii shoka halikusikika.
Kisha mzee akauliza, sauti imemkauka:
"Inaamsha watu usiku?"
"Hapana," akasema. "Inaandika yote,
halafu inangoja kukuche."