Mmeunguza Wali

Maji ya kufinyangia nayakinga chini ya kiyoyozi,
tone kwa tone, ndoo moja usiku kucha,
jasho la chumba cha mama.
Udongo nauchimba ukingoni mwa wadi:
wa manjano, mkaidi, una chumvi.
Naukanda kwa kisigino mpaka uache kubisha.

Hapa Bahla wanaume wana gurudumu.
Mzee Muhanna hukanyaga mara mbili tatu,
mtungi ukainuka kama maziwa yanayofura jikoni.
Hupita, hutazama nikisokota kamba za udongo,
pete juu ya pete,
na kusema kwa Kiarabu chake cha taratibu:
Binti, njia hiyo ni ndefu.

Ndefu, naam. Ilianzia Konde, Pemba,
kwa bibi aliyekizunguka chungu kinyumenyume,
kainama, kanga kaikaza kiunoni,
chungu kimetulia mahali pake.
Gurudumu lilikuwa yeye.

Siku ya nane nakisugua.
Kokoto moja ya wadi, nyeusi, ya ukubwa wa kungu.
Sugua, sugua, mpaka king'ae bila rangi ya dukani.
Kisha pipa:
maranda ya Shahidul, seremala wa njia ya Jabrin,
mavi makavu ya mbuzi, makuti ya mtende,
waya wa shaba niliouchuna kwenye chaja mbovu,
chumvi konzi moja.
Kiberiti. Kifuniko.
Hapo sina kauli tena.

Moshi haupokei maagizo.
Niliuomba wekundu begani, ukanipa weusi kitakoni.
Usiku mmoja nilisikia *tak!*
nikajua kabla sijafunua
kwamba wiki tatu zimekuwa vigae.
Wanasema mfinyanzi hulia gaeni.
Kwangu mimi walao gaeni ni kuku;
miye nalia sahani ya Kichina.

Mama mmoja wa Maskati alikigeuzageuza:
Kinatunza maji?
Hapana, kinavuja.
Basi cha nini?
Sikuwa na jibu. Nikampunguzia riali mbili.

Leo upepo umegeuka,
moshi umeingia kwa dirisha la mama.
Miezi mitano hajanitaja jina.
Mtoto wa nani huyu, huuliza,
kwa Kiarabu, kwa adabu, kama amuulizaye mgeni.
Nimekimbia kufunga dirisha, mikono masizi matupu,
nikamkuta kaketi kitandani, pua juu,
na kwa Kiswahili cha jikoni, kikali, kizima:

We Ghaniya! Mmeunguza wali!

Ndiyo, mama. Umeshika chini.

Akanitazama kitambo.
Akanyoosha kiganja.
Basi nipe ukoko.

Nje pipa bado linapumua.
Sijalifunua.