Karanga Moja

Nilishuka Isevya na karanga moja mfukoni,
ya shamba letu la Tutuo,
bado ina ngozi yake nyekundu.
Hiyo ndiyo niliyojia nayo kupima mizani.

Mahanyu akanitandazia meza nzima:
mizani ya betri yenye taa ya buluu,
mizani ya sonara, sahani zake nyembamba kama kope,
vijiko, koleo, faneli, mideki ya chuma na ya shaba.
"Chukua hii ya taa, dada. Bei ya kutupa."
Nikaiweka karanga. Ikasema namba.
Nikaitoa, nikairudisha. Ikasema namba nyingine.
Mara ya tatu ikafikiri kidogo,
ikasema ya tatu.
Nikamwambia: shahidi wa namna hii
hakimu angemlaza ndani.

Sikumwambia habari ya kifuniko cha soda.

Kifuniko cha soda ndicho baba alichopimia baruti
miaka kumi na tisa,
akilinda mahindi ya kijiji yasiliwe na ngiri,
kibali chake kimekunjwa
ndani ya daftari la chama cha tumbaku.
Hakijawahi kunidanganya, alikuwa akisema.
Mpaka usiku ule. Labda kilikuwa kimebonyea.
Labda alimimina mara mbili,
maana katikati ya kumimina mama aliuliza
kama chumvi imebaki.
Hatujui.
Gobore lilipasuka ubavuni.
Vidole viwili vilibaki shambani,
nami alfajiri nikaenda kuvitafuta
kabla ya siafu.

Rahisi huvunja upishi, husema watu wa jikoni.
Kwetu ilivunja mkono.

Kwa hiyo sikuwa na haraka.
Mdeki wa chuma niliugonga kwenye jiwe la kizingiti,
ukatema cheche. Nikaurudisha mezani kimya.
Wa shaba ulitoa mlio tu,
mfupi, kama mtu anayeitika usingizini.
Faneli niliipitisha kidole ndani:
ilikuwa na kovu la kulehemu, punje ingenasa pale.
Nikataka nyingine.
Mahanyu akavuta kiti, akakaa.
"Wewe unanunua au unaposa?"

Kisha ile ya sonara.
Karanga juu, karanga chini, karanga juu.
Mara saba.
Alianza kucheka kwenye ya nne,
kwenye ya sita akaacha, akasogea kuangalia.
Sindano ilirudi palepale, palepale,
kama ng'ombe ajuaye zizi lake.

Bei yake ilikuwa madebe mawili ya asali.
Nililipa.

Njiani, kizuizini, polisi akaufungua mfuko.
Fedha ya haya yote umeipata wapi?
Ya mizinga, nikasema, mizinga kumi na mmoja,
na uso wake ukabadilika
mpaka nilipoongeza: ya nyuki, afande.
Nikatoa kibali, kipya, chenye jina langu,
Nyamizi binti Nkwabi.
Akakisoma mara mbili. Na yeye alikuwa akipima.

Fundi wa Sikonge amenichongea kibao cha mninga,
matundu ishirini, kila tundu kijaluba cha mwanzi.
Nimemkataza kukipaka rangi.
Macho yaone kilichojaa na kilicho kitupu,
ili mama aulize habari za chumvi
saa yoyote apendayo.

Jioni baba aliiweka mizani magotini.
Hakuuliza bei.
Kwa vidole vitatu akaichukua ile karanga,
akaiweka, akaitoa, akaiweka tena,
pumzi ameibana, asije akaisukuma sahani.
Nilidhani atasema neno.
Akaimenya kwa meno, akaitafuna taratibu.
Sahani tupu ikapanda, ikashuka,
ikatafuta mahali pake.

"Karanga hii," akasema,
"mmeing'oa kabla haijakomaa."