Mwiko

Tarehe ishirini na tatu nilitangaza mbele ya mashahidi:
Krismasi hii sipiki.
Mwiko nimeutundika msumarini, nyuma ya mlango,
na kwangu mimi kuushika ni mwiko.
Mwadime akacheka. Akadhani ni mzaha.

Miaka kumi na tisa nimepokea wageni wa bara,
zamani kwa basi, siku hizi kwa treni ya Miritini,
wifi Mghoi na wanawe wanne,
kila mmoja akishuka na njaa yake ya pwani:
huyu mahamri, huyu samaki wa kupaka,
na yule wa mwisho hali nazi, hali pilipili,
hali kitu ila chipsi.
Na mimi Mikindani, mgongo umelowa,
Desemba hii yetu isiyo na huruma,
nakuna, nakatakata, naonja kwa kiganja,
Mama Swabra, ambaye sikukuu si yake,
akinipitishia ukutani sufuria lake la arusi:
"Usilirudishe na masizi."

Ninapoketi, nyama imekwisha.
Nakula ukoko.
Nimesema naupenda ukoko
mara nyingi hadi ikawa kweli.

Basi tukaenda kula nje. Watu kumi na mmoja,
tuktuk tatu mpaka Kibokoni,
hoteli ya viti vya plastiki
na feni moja inayozunguka kama inadaiwa.
Foleni. Mombasa nzima siku hiyo
ilikuwa imetundika mwiko.
Wifi akauliza kama ugali upo.
Nikatazama ukuta.

Pilau ikaja.
Maneno nilikuwa nayo tayari:
mchele umeshikana, bizari imelala,
hawa wanapikia macho.
Nikatia tonge mdomoni
na maneno yote yakarudi yalikotoka.

Ilikuwa tamu. Nisikufiche.
Ilikuwa tamu kuliko yangu.
Kila punje na roho yake,
kiazi kimekunywa supu mpaka moyoni,
mfupa wa mbuzi unaachia nyama bila kuombwa,
na nyuma ya mdalasini, nyuma ya iliki,
kuna kitu kinapita kama mtu ukumbini usiku,
ukigeuka hayupo.
"Si mbaya," nikasema.
Mwadime ananijua. Akainamia kachumbari.

Nikienda kunawa nilichungulia jikoni:
kijana, rika la mwanangu, jezi imechanika kwapani,
anapalia makaa juu ya mfuniko
huku akibishana na simu.
"Unatia nini humo?"
"Vya kawaida tu, mama."
Muongo.

Matonge mawili nikayafunga kwenye tishu,
nikayatia mkobani kama mwizi wa dhahabu.
Usiku, wageni wamelala sakafuni kama samaki mnadani,
nikayamwaga kisahanini chini ya taa,
nikanusa, nikatenganisha:
karafuu, ndiyo. Pilipili manga, ndiyo.
Wewe nani?

Ishirini na sita, mwiko ukashuka msumarini.
Ishirini na saba, tena.
Ishirini na nane Mghoi akauliza, kwa adabu,
kama Mombasa dengu haziuzwi.
"Kula," nikamwambia.
Nilijaribu kungumanga. Nilijaribu supu iliyolala.
Nilichoma makumbi ya nazi juu ya mfuniko
hadi Mama Swabra akaita: "Mnaungua?"

Tarehe thelathini nikasema naenda Marikiti, vitunguu vimeisha.
Nikashukia Kibokoni. Peke yangu.
Meza ndogo, chini ya feni ile ile.
Tangu niolewe sijapata kukaa mezani
bila mtoto wa mtu pajani,
bila jicho moja kubaki jikoni.
Nilikuja na daftari, na kalamu, niseme kweli.

Sahani ikatua mbele yangu, mvuke,
ndizi mbivu pembeni.
Nikala polepole. Nyama kwanza.
Daftari likabaki mkobani.

Kijana akatokea, jezi ile ile, bakuli mkononi.
"Mama, nikuongezee?"

Nikatazama sahani. Nikatazama mlango.
Nyumbani walikuwa wakingoja vitunguu.

"Ongeza," nikasema.
"Na ukoko usinitilie."